Bao la Kiswahili: jinsi ya kucheza, na kwa nini zamu usiyokula ndiyo inayoamua mchezo

#1 – mleta uzi

Wakuu salaam.

Nimeona mara nyingi vijana wanakaa pembeni ya ubao, wanatazama wiki nzima, kisha wanaondoka wakisema bao ni mchezo wa wazee na halieleweki. Linaeleweka. Ila wengi wetu tulifundishwa kwa kushikwa mkono na kuambiwa "hapa kula, hapa endelea", tukaja kuelewa sababu baadaye sana. Nimeamua kuandika uzi huu taratibu ili mtu mwenye ubao na mwenzake mmoja aweze kuanza leo leo.

Niseme mapema ninachokiamini, maana maelezo yangu yote yameegemea hapo. Wanaoanza hudhani bao ni kula. Lakini kula ni lazima: ukiwa na cha kula, huruhusiwi kufanya kitu kingine. Kwa hiyo unapokula, nusu ya uamuzi umeshafanyiwa na ubao. Akili yako inabaki huru pale usipokuwa na cha kula, unapotakata, yaani unapogawa kete zako mwenyewe bila kula. Mtu akitaka kujua kiwango changu, asiangalie ninavyokula. Aangalie ninavyotakata.

Sasa tuanze.

Ubao una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Safu mbili za upande wako ni zako: ya mbele, inayotazamana na mwenzako, na ya nyuma, iliyo karibu na kifua chako. Kete ni 64, kila mmoja 32. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazoteleza vizuri vidoleni, lakini kokoto nazo zinafaa alimradi zilingane.

Nitayaita mashimo ya mbele kwa namba, 1 hadi 8, kutoka kushoto kwako. Shimo la 1 na la 8, yale ya pembeni kabisa, ni vichwa. La 2 na la 7 ni kimbi. La 5 ni nyumba, na kwenye mbao nyingi utalitambua kwa umbo lake la mraba. Mwenzako naye anahesabu kutoka kushoto kwake, kwa hiyo nyumba yake haitazamani na yako. Nyumba yake inatazamana na shimo lako la 4, nayo yako inatazamana na lake la 4. Likae hilo kichwani, tutalirudia.

Kupanga: kete 6 nyumbani, 2 kwenye shimo la 6, 2 kwenye la 7. Hizo ni 10. Zilizobaki 22 zinakaa mkononi. Mwenzako vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza inaitwa namua. Kila zamu unatoa kete moja mkononi na kuitia kwenye shimo lako la mbele ambalo tayari lina kete. Shimo hilo likitazamana na shimo la mbele la mwenzako lenye kete, umekula. Unazoa zote za shimo lile na kuzileta kwako. Safu yake ya nyuma huigusi kamwe.

Ulizozoa unazigawa moja moja kuanzia kichwani. Kichwa kipi? Ukiwa umekula kwenye shimo la 1 au la 2, unaanzia kichwa cha kushoto, huna hiari. Ukila kwenye la 7 au la 8, unaanzia cha kulia. Ukila kwenye manne ya katikati, unachagua mwenyewe. Ukishachagua, mkondo unabaki huo huo mpaka zamu yako iishe, isipokuwa utakapokula tena kwenye kichwa au kimbi ya upande wa pili. Hapo mkondo unageuka.

Kete ya mwisho ndiyo inayosema kinachofuata. Ikiangukia shimo tupu, unalala, zamu ni ya mwenzako. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mkabala wake kuna kete, unakula tena na kuanza tena kichwani. Ikiangukia shimo lenye kete ila hakuna cha kula, ama kwa sababu mkabala ni mtupu au kwa sababu uko safu ya nyuma, unazoa kete zote za shimo hilo lako na kuendelea kuzigawa mbele kwa mkondo ule ule.

Tuone kwa mkono. Shimo lako la 6 lina kete moja, na mkabala wake mwenzako ana tatu. Shimo lako la 3 lina mbili, na mkabala wake ana sita. Unatia kete kwenye la 6, unazoa zile tatu, unachagua kushoto: moja kwenye la 1, moja la 2, moja la 3. Ya mwisho imeangukia la 3 lenye kete, na mkabala kuna sita. Unazizoa hizo sita, unarudi kichwa cha kushoto: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Umefika la 6, lina kete tatu sasa, lakini mkabala wake ulishapamaliza. Unazoa hizo tatu zako: 7, 8, kisha unakunja kona hadi shimo la nyuma lililo chini ya la 8. Kama ni tupu, umelala. Umekula kete tisa kwa kutoa moja.

Ule mfano upangeni kwenye ubao na mfanye mara tatu nne, mpaka mkono uende bila kusimama. Aliyenifundisha mimi alinikataza kusonga mbele mpaka niweze kugawa huku namtazama yeye usoni. Niliona ananionea. Sasa najua alitaka macho yangu yawe huru kuangalia mashimo ya mwenzangu wakati vidole vinafanya kazi yao.

Nyumba ina heshima yake. Ikiwa bado ina kete sita au zaidi na haijawahi kuchezwa wala kuliwa, kete yako ya mwisho ikiishia humo kwenye zamu ya kula, na hakuna cha kula mkabala, unachagua: ulale hapo hapo, au nyumba isafiri, yaani uizoe yote na kuigawa. Ikishasafiri, imekuwa shimo kama mengine. Haki ile hairudi.

Ikiwa huna cha kula unatakata. Unatia kete kwenye shimo lako la mbele lenye kete, unazoa zote za shimo hilo na kuzigawa upande unaoutaka. Kwenye zamu ya kutakata huli hata kete ya mwisho ikiangukia mahali pazuri namna gani. Unaendelea tu kuzoa na kugawa mpaka ulale. Ukifika kwenye nyumba yenye haki, unalala hapo. Na kama nyumba ndiyo shimo pekee lenye kete mbele, huizoi yote: unatia kete yako kisha unagawa mbili tu.

Kete za mkononi zikiisha kwa wote wawili, tunaingia hatua ya mtaji. Hiyo nitaileta nikiona watu wamefuata hadi hapa. Karibuni maswali.

#2 – mgeni wa ubao

Shukrani sana mkuu. Nimepanga ubao na mdogo wangu, tumekwama zamu ya kwanza kabisa. Hakuna shimo langu lenye kete linalotazamana na lake lenye kete. Tumepanga vibaya?

#3 – mleta uzi

Hamjakosea. Mwanzo hakuna wa kula. Anayeanza lazima atakate, na hapo hapo ndipo utaona ninachokisema.

Una mashimo mawili ya kutakata, la 6 na la 7, kila moja kwa mikondo miwili. Chukua la 6 kwenda kulia. Lina mbili, unaongeza moja, tatu: la 7 linakuwa na tatu, la 8 moja, la nyuma chini ya la 8 moja. Umelala. Tazama mbele yako: kete ziko la 5, la 7 na la 8. Mkabala wa yote hayo mwenzako hana kitu. Hawezi kula. Naye analazimika kutakata.

Sasa rudisha, uchukue la 7 kwenda kushoto. Tatu: la 6 linakuwa na tatu, nyumba saba, la 4 moja. Umelala kwenye la 4. Na la 4 linatazamana na nini? Nyumba yake. Umeitishia nyumba, unajisikia shujaa, lakini zamu ni yake. Anatia kete moja nyumbani kwake, anaila ile kete yako, anaiweka kichwani, analala. Kete moja imekwenda, tishio limekwenda, na zamu imerudi kwako ukiwa huna cha kula.

Zamu zote mbili zilikuwa za kutakata, kete ni tatu zile zile, tofauti ni mahali zilipolala. Kabla hujatakata, jiulize kete ya mwisho italala wapi na nani atakuwa mkabala wake.

#4 – kimbi ya kulia

Naunga mkono uzi, mleta mada umeeleza vizuri. Niongeze jambo moja kuhusu nyumba, maana ndilo linalowaliza wanaoanza.

Mtu anaona nyumba yake ina kete tisa, mkabala wake ni shimo tupu, anajiambia iko salama. Haiko salama. Nyumba mara nyingi hailiwi na mzunguko wa kwanza. Inaliwa na wa pili au wa tatu ndani ya zamu ile ile.

Nipe nafasi nioneshe. Mimi ndiye nashambulia. Shimo langu la 3 lina kete moja, mkabala wake una sita. Shimo langu la 6 lina mbili, mkabala wake una nne. Shimo langu la 4 ni tupu, na mkabala wake ni nyumba yako yenye tisa. Wewe unaangalia la 4, unaona tupu, unatulia.

Natia kete la 3, nazoa sita, nachagua kushoto: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Njiani nimeacha kete moja kwenye la 4. Ya mwisho imefika la 6, mkabala kuna nne, nazoa. Narudi kichwa cha kushoto: 1, 2, 3, 4. Ya mwisho imeangukia la 4, ambalo sasa si tupu tena, maana nililijaza mwenyewe mzunguko uliopita. Mkabala ni nyumba yako. Nazoa tisa. 1 hadi 8, na ya tisa inakunja kwenda nyuma. Kama shimo lile la nyuma ni tupu, nimelala, na umepoteza kete 19 kwa zamu moja.

Kwa hiyo ukitaka kulinda nyumba, usihesabu mkabala wake peke yake. Tafuta shimo lako lolote la mbele lenye kete nne kamili, na jingine lenye tano. Akizizoa nne na kuanzia kushoto kwake, anaishia shimo lake la 4, mbele ya nyumba yako. Akizizoa tano na kuanzia kulia kwake, anahesabu 8, 7, 6, 5, 4, anaishia pale pale. Mimi nikiona shimo langu la mbele limefikia kete nne na nyumba bado imejaa, nalibadilisha kwa kutakata hata kama lenyewe halijatishiwa.

#5 – mleta uzi

Mkuu hapo umeniwahi, na umeeleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimeandaa. Ile hesabu ya nne na tano muishike wote.

Niongeze tu kwamba kuna siku kusafirisha nyumba mapema ni bora kuliko kuilinda. Ukiona nyumba imefika kumi na kitu na inatishiwa kutoka pande mbili, zamu ya kula ikikufikisha nyumbani usione huruma, isafirishe. Kete zako zitatawanyika, nyingine zitaingia nyuma ambako hazifikiwi. Mimi nilifungwa miaka kwa kuipenda nyumba. Nilikuwa nailea mpaka mwenzangu anaizoa ikiwa na kete 14, na mchezo unakuwa umeisha hata kama bado tuna kete mkononi.

#6 – binti wa komwe

Habari za humu. Mimi nafundisha watoto wa ndugu zangu, na naona tusiwaanzishe na namua. Tuwaanzishe na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, mashimo yote 32, hakuna kete za mkononi, hakuna nyumba. Wanaingia moja kwa moja kwenye kugawa na kula. Baada ya wiki wanakuwa wameshika mikondo na vichwa, ndipo unawaletea nyumba na kunamua. Nimejaribu njia zote mbili, na ya kuanzia namua watoto walichoka siku ya pili.

#7 – mleta uzi

Dada yangu nakubali kwa watoto. Kwa mtu mzima mwenye hamu nabaki na msimamo wangu, kwa sababu bao la kujifunza linaanza na kete zimejaa kila mahali, kila zamu kuna cha kula, na mtu anaota mazoea ya kuwinda. Akija kwenye namua, ubao una mashimo matatu tu yenye kete kila upande, anakosa la kufanya. Ila kama unawafundisha kutakata ndani ya bao la kujifunza, mazoea hayo hayatawashika.

Na kwa kuwa umeligusa, bao la kujifunza ni hatua ya mtaji tupu, kwa hiyo niielezee sasa.

Mkononi hamna kitu. Zamu yako unazoa kete za shimo lako lolote, la mbele au la nyuma, lenye kete mbili au zaidi, na kuzigawa kwa mkondo unaoutaka. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na mkabala kuna kete, umekula. Ulizokula unazianzia kichwani kwa mkondo ule ule, na mambo ya kichwa na kimbi yanabaki kama tulivyosema. Shimo la kuanzia lisiwe na kete 16 au zaidi. Mzunguko wako una mashimo 16, kwa hiyo kete 16 zingerudi pale pale zilipotoka.

Mfano: shimo lako la nyuma, la tatu kutoka kushoto, lina kete tano. Unazigawa kwenda kushoto: nyuma la pili, nyuma la kwanza, unapanda mbele la 1, la 2, la 3. Kama la 3 lina kete na mkabala kuna nane, huo ndio mtaji wako. Ona sasa kwamba safu ya nyuma si ghala la kufichia tu. Kete zile tano zimetoka mahali pasipofikiwa na kwenda kupiga mbele.

Kama huna mtaji wowote, unatakata. Unaanza na shimo la mbele lenye kete mbili au zaidi. Ikiwa mbele mashimo yote yana moja moja, ndipo unaruhusiwa kuanzia nyuma. Kumbukeni mpangilio huo: mbele kwanza. Watu wengi wamefungwa na kanuni hiyo ndogo.

Unashinda kwa njia mbili. Safu ya mbele ya mwenzako ikiwa tupu, tunasema "hamna", amefungwa, hata kama nyuma amejaza kete hadi zinamwagika. Au zamu yake ikifika akiwa hana la kucheza, mashimo yake yote yana kete moja moja au ni matupu.

#8 – msomaji wa kimya

Hilo la kufungwa ukiwa na kete nyingi nyuma limenishtua. Kwa hiyo kuhesabu nani ana kete nyingi hakuna maana?

#9 – kimbi ya kulia

Kuna maana, lakini kidogo. Kete nyingi zinakupa uvumilivu, si ushindi. Mbele ndiko kwenye uhai. Mimi huangalia idadi ya mashimo yangu ya mbele yenye kete kabla ya kuangalia idadi ya kete. Mashimo matano yenye kete mbili mbili ni bora kwangu kuliko shimo moja lenye kumi. Kumi hizo zinazolewa kwa mkono mmoja.

Mleta uzi, usiwaache bila kutakasia. Hapo ndipo hoja yako ya kutakata inakamilika.

#10 – mleta uzi

Naam, nilikuwa naiweka mwisho makusudi.

Tuko kwenye mtaji. Nimetakata, nimelala. Baada ya kulala kwangu, wewe huna cha kula, na mimi zamu yangu ijayo nina shimo lako moja tu ninaloweza kulila. Hapo nimekutakasia. Shimo hilo limefungwa: zamu yako ya kutakata huruhusiwi kulianza hilo, lazima uchukue jingine. Unabaki unalitazama, na unajua nalijia.

Yapo mashimo yasiyotakasiwa. Nyumba ambayo bado ina haki yake haitakasiwi. Shimo lako pekee lenye kete mbele halitakasiwi. Na shimo lako pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja nalo halitakasiwi, maana ungekosa la kucheza mbele.

Lakini fikirini uzito wake. Mtu aliyetakata bila kula kete hata moja amemfunga mwenzake mikono. Ametengeneza zamu mbili: ya leo aliyoonekana hafanyi kitu, na ya kesho atakayokula kwa uhakika. Ili ufike hapo inabidi uwe umehesabu vitu vitatu kabla hujagusa kete: kwamba mwenzako hatakuwa na cha kula, kwamba wewe utakuwa nacho, na kwamba ni kimoja tu. Ukitishia mashimo mawili, hakuna kutakasia. Anaruhusiwa kuchukua lolote kati ya hayo mawili na kuokoa lililo kubwa. Ndiyo maana mchezaji mzuri wakati mwingine anajipunguzia vitisho kwa hiari yake, na anayetazama pembeni anadhani amekosea.

Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar akichunguza wanavyofikiri ubaoni, na tasnifu yake ilitoka Leiden mwaka 1995. Alichokwenda kutafuta ni mpaka wa akili ya mtu kwenye kuhesabu mizunguko kama hii. Si ajabu kwamba alichagua bao. Ndani ya zamu moja ubao mzima unaweza kubadilika, na bingwa anatakiwa aone mwisho wake kabla hajatia kete. Mchezo wenyewe umetembea mbali. Malawi wanao, wanauita bawo. Visiwani Komoro na Mayotte kuna ndugu yake anayeitwa mraha.

#11 – mgeni wa ubao

Wakuu nimerudi. Tumecheza michezo mitano na mdogo wangu kwa kufuata uzi huu. Nimeshinda miwili. Huu wa mwisho naomba mniambie nilikosea wapi.

Tuko mtaji, zamu yangu, sina cha kula. Mbele nina mashimo mawili tu yenye kete: la 2 lina nne, la 5 lina moja. Nyumba ilishaliwa zamani. Nyuma nina kete 33. Kwa hesabu nilikuwa namshinda, mimi 38 yeye 26. Nikatakata la 2 kwenda kushoto: la 1, kisha nyuma la kwanza, la pili, la tatu. La tatu lilikuwa tupu nikalala. Nilifikiri nimeziokoa, maana tatu zimeingia nyuma. Zamu yake akala la 5 na la 1 kwa mfululizo. Hamna.

#12 – mleta uzi

Pole ndugu yangu, na hongera kwa kuweza kusimulia mchezo kwa namba namna hiyo. Ukiweza kuukumbuka, umeshapita ngazi kubwa.

Ulifanya kile alichosema kimbi ya kulia, ila kinyume chake: ulihesabu kete, hukuhesabu mashimo. Kabla ya zamu ulikuwa na mashimo mawili mbele. Baada ya zamu bado mawili, ila yote sasa yana kete moja moja. Ulibadilisha shimo la nne kuwa la moja, na tatu ukazipeleka mahali ambako siku hiyo zisingekusaidia kitu.

Rudisha ubao kama ulivyokuwa, kisha peleka zile nne kulia: la 3, la 4, la 5, la 6. La 6 ni tupu, unalala. Mbele sasa una la 3 moja, la 4 moja, la 5 mbili, la 6 moja. Mashimo manne badala ya mawili. Akila moja au mawili bado unapumua, na kama la 5 halikuguswa una shimo la mbele la kuchezea, na nyuma zako 33 zinaanza kupata mahali pa kuangukia. Maana mtaji hauji kama kete ya mwisho haikukuta shimo la mbele lenye kete. Mbele tupu inazifanya kete za nyuma ziwe viwete.

Jaribu, kisha utuambie alikula ngapi.

#13 – mgeni wa ubao

Nimepanga upya, mdogo wangu kacheza upande wake kwa dhati kabisa. Kala la 4, kisha mzunguko wa pili kala la 6, akalala. Nikabaki na la 3 na la 5. Zamu yangu nikatafuta nyuma, nikakuta shimo lenye kete saba ambalo likizunguka kushoto linaishia la 3. Mkabala wa la 3 alikuwa na sita.

Nimekula. Bado tunacheza, ubao uko mbele yangu sasa hivi.